Fort Jesus: Tuhesabu Bendera au Tuhesabu Watu?

Fort Jesus imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, kwenye mlango wa bandari ya kale ya Mombasa, tangu mwishoni mwa karne ya 16. Wanafunzi wenye sare, watalii, na wenyeji waliowasindikiza wageni wao kutoka bara hukata tiketi, wakapita langoni, wakazunguka. Karibu wote hutoka na hesabu moja: Wareno walijenga, Waarabu wa Omani wakateka, Waingereza wakaigeuza jela, kisha ikawa makumbusho. Hesabu hiyo haina uongo. Swali ni kama inatosha, na kama mtoto wa pwani anayeisikia anajiona ndani yake.

Swali hili nimelipanga kwa sauti tatu, kwa kuwa naamini kila moja ina haki ya kusikilizwa: Mzee, mkaazi wa Mji wa Kale, Mwalimu, anayefundisha historia sekondari, na Kijana, anayetembeza wageni ndani ya ngome. Neno langu litafuata baada yao.

MWALIMU: Nasema wazi kwamba simulizi tunayowapa wageni ni simulizi ya watawala. Tunahesabu bendera. Bendera hii ikashuka, ile ikapanda, basi. Katika hesabu hiyo Mswahili hana kazi yoyote isipokuwa kutazama wageni wakigombania mji wake. Nikiwauliza wanafunzi wangu wazee wao walifanya nini katika jengo hili, wananyamaza. Wamezunguka ngome nzima na hawakukutana na mtu wa kwao.

MZEE: Mwalimu, usilikasirikie jiwe. Aliyejenga amejenga. Amri ilitoka kwa Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye zama hizo aliitawala na Ureno. Mchoro ni wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno huko India. Kazi ilianza mwaka 1593, na kapteni wa kwanza akawa Mateus Mendes de Vasconcelos. Ukimficha Mreno ili umpendeze mtoto, utakuwa umemfunza mtoto uongo. Na wahenga walikwisha sema: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Tembo walikuwa Mreno na Mwarabu. Sisi tulikuwa nyasi.

MWALIMU: Hapo ndipo tunapotofautiana, Mzee wangu. Sisi hatukuwa nyasi. Mreno simfichi, ila nataka tuulize mawe haya yalibebwa na nani. Waashi waliletwa kutoka India, na vibarua walitoka Malindi. Kwa nini Malindi? Kwa sababu Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498 hakuaminiana na wenyeji, akaenda zake Malindi, na huko akapata urafiki na rubani wa kumvusha hadi Calicut. Tangu siku hizo Malindi ilisimama na Mreno dhidi ya Mombasa kwa karibu miaka mia moja. Mombasa ikachomwa na Francisco de Almeida mwaka 1505, ikapigwa tena na Nuno da Cunha mwaka 1528. Mwaka 1589 manowari za Wareno zikaja kumng'oa Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekaribishwa mjini, huku wapiganaji Wazimba wakiingia kwa upande wa bara. Mji ukaanguka. Na aliyekuja kukalishwa kwenye kiti cha Mombasa ni nani? Ni Sultani Ahmad wa Malindi. Ngome hii ilijengwa juu ya ugomvi wa miji miwili ya Waswahili. Hiyo ni historia yetu, tuipende tusiipende.

KIJANA: Nawasikiliza nyote, lakini mimi ndiye ninayesimama na mgeni juani saa sita. Ana saa moja tu, na anataka kuona mizinga na kupiga picha. Mimi naanza na umbo. Namwambia ukiitazama kutoka juu, ngome imekaa kama mwili wa mtu aliyelala, kwa kuwa wasanifu wa Italia wa zama hizo walipenda kupima jengo kwa vipimo vya mwili wa binadamu. Halafu namuonyesha buruji nne: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Mzinga wa buruji moja unafagia ukuta ulio mbele ya buruji nyingine, kwa hiyo adui akiukaribia ukuta hana pa kujibanza. Hapo anaelewa na anafurahi. Nikimwanzia na ugomvi wa Malindi na Mombasa, nitampoteza kabla hatujafika uwanjani.

MWALIMU: Basi anza langoni, mdogo wangu, na huhitaji zaidi ya dakika chache. Juu ya lango kuna bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno. Wageni wengi hupita chini yake wakitafuta tiketi mifukoni. Maandishi yale ni majisifu ya Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hii mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anajisifu kwamba ameijenga upya. Anajisifu kwamba amewatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao, ambaye yeye anamwita dhalimu. Anajisifu kwamba ameziadhibu Pate na Siyu na kuzibomoa kuta za miji yao, amewapiga Wamusungulo, yaani watu wa bara ya Mombasa, na amewaua wakuu wa Pemba. Yeye alichongesha jiwe lile ili apate sifa kwa mfalme wake. Bila kukusudia akatuachia orodha ya waliokataa kutawaliwa. Tangu mlangoni mgeni atajua kwamba pwani nzima ilikuwa vitani, na kwamba ina majina.

MZEE: Na huyo aliyeitwa dhalimu, mtaje kwa jina lake. Ni Yusuf bin Hasan, mjukuu wa yule Sultani Ahmad wa Malindi. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila ya Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akalelewa Kireno. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha Mombasa awe sultani wao.

MWALIMU: Na Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua Kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaitwaa ngome, akarudi kwenye Uislamu. Mwaka uliofuata kikosi kikaja kutoka Goa kumng'oa, kikashindwa. Mzee wangu, huyu si nyasi. Huyu ni shujaa, na wanafunzi wangu wangemjua mapema kuliko Cairati.

MZEE: Pole pole. Hapo ndipo ninapokuogopea. Waliouawa mwaka ule hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo wanawake na watoto, na walikuwamo watu wa hapa hapa pwani waliokuwa wamebatizwa. Waliokataa kuritadi waliuawa, na Kanisa Katoliki linawakumbuka hadi leo kama mashahidi wa Mombasa. Isitoshe, baada ya kuwashinda Wareno, Yusuf hakukaa. Mei 1632 alipanda meli akaondoka, ngome akaiacha imeharibiwa, na Wareno wakarudi Agosti bila kupigana. Mji ukabaki kulipia hasira yake, na malipo hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye jiwe lako la langoni. Ukitaka kumwita shujaa, mwambie mwanafunzi na haya. Usimtoe mtoto kwenye simulizi ya Mreno asiyekosea ukamtia kwenye simulizi ya Mswahili asiyekosea.

MWALIMU: Hilo nalipokea. Nitamfundisha mzima, na damu aliyoimwaga. Lakini angalia Mzee, wewe mwenyewe sasa hivi umetoka kwenye hesabu ya bendera. Umenipa watu.

KIJANA: Mimi nina swali. Wageni wangu wanapenda habari za kuzingirwa kwa ngome. Nawaambia kwamba Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Omani yalifika, ngome ikazingirwa kwa miezi 33, na tarehe 13 Desemba 1698 ikatekwa huku ndani wakiwa wamebaki watu wachache mno. Meli za msaada zilipotokea siku chache baadaye, zikakuta bendera nyekundu inapepea, zikageuza. Hiyo si simulizi ya Mreno na Mwarabu?

MWALIMU: Mwulize mgeni wako nani alikuwa ndani. Wareno walikuwa wachache. Waliojaa ndani walikuwa watu wa pwani waliokuwa upande wao, na tauni ilipoingia mwaka 1697 iliwaua pamoja. Maofisa wa Kireno walipokwisha kufa, aliyeshika uongozi wa ngome hadi msaada ulipofika mwezi Septemba ni Bwana Daud wa Faza. Mwana wa kisiwa cha Pate aliamuru mizinga ya mfalme wa Ureno! Na nje je? Waomani hawakuota njia wenyewe. Watu wa Mombasa walikuwa wamekwenda Maskati kuomba msaada dhidi ya Mreno tangu miongo kadhaa nyuma. Ndani Waswahili, nje Waswahili, kila mmoja na hesabu yake.

KIJANA: Basi hapo naweza kuongeza meli. Kule chini, mbele ya ngome, ilizama manowari ya Kireno Santo António de Tanná mwaka 1697, ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliifanyia kazi kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, na vitu walivyovitoa baharini wageni wanaviona ndani ya makumbusho.

MZEE: Ongeza na hili, kwa kuwa mara nyingi linarukwa. Mreno hakuondoka Mombasa mwaka 1698 moja kwa moja. Alirudi Machi 1728, na aliyemfungulia njia ni mfalme wa Pate aliyekosana na Waomani. Akakaa mwaka na nusu tu. Waliomzingira na kumtoa mwishoni mwa mwaka 1729 ni watu wa Mombasa wenyewe na jirani zao wa bara. Baada ya hapo ndipo wajumbe wakapelekwa Omani, na ndipo ikaja nasaba ya Mazrui iliyokaa ngomeni kama maliwali, na kuanzia miaka ya 1740 ikajitawala bila kumsikiliza mtu. Hao walikuwa wetu. Walioa hapa, walizikwa hapa. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake katika siku zao, akiutetea mji huu mbele ya Sayyid Said, mtawala wa Omani.

MWALIMU: Na mimi nakurudishia ulichonipa, Mzee wangu. Tusiseme tu kwamba walikuwa wetu. Mwaka 1824 Mazrui walipomwona Sayyid Said anawakaribia, waliomba bendera ya Waingereza, na Kapteni Owen, Mwingereza, akaitundika ngomeni kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Sharti lenyewe linatuambia biashara hiyo ilikuwapo. Iliwagusa watu wa bara ambao wajukuu zao wanapanga foleni leo kukata tiketi. Na mwaka 1837 Sayyid Said aliipata ngome kwa sababu Thenashara Taifa, yale makundi kumi na mawili ya Waswahili wa mji huu, walikuwa wamegawanyika, Thalatha Taifa, matatu kati yao, wakiwa wamekwisha kuwapa mgongo Mazrui. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa, wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Ngome haikuvunjwa kwa mizinga mwaka ule. Ilivunjwa kwa mfarakano.

MZEE: Kweli ni chungu, lakini sikatai.

KIJANA: Mimi nilitarajia mtakuja kwenye jela. Mkoloni Mwingereza aliifanya ngome gereza tangu mwaka 1895, na ikabaki gereza hadi 1958. Hapo mimi husema sentensi moja tu, kisha naenda kwenye milango ya nakshi. Mgeni wa Ulaya haulizi zaidi. Anayeuliza ni Mkenya. Anataka kujua waliofungwa walikuwa nani, walilala wapi, walikula nini. Sina cha kumjibu.

MZEE: Jela ni fedheha. Familia hazipendi kusema fulani alifungwa. Waache watu wasitiriwe.

MWALIMU: Jela ya mkoloni, Mzee wangu, ilikuwa na mwizi na muuaji, sikatai. Lakini sheria za mkoloni zilimfunga pia mtu kwa kukosa kodi ya kichwa na kwa kukosa kipande. Fedheha hiyo ni ya nani? Jela hiyo ilidumu miaka 63, zaidi ya nusu ya muda wote ambao Mreno aliishika ngome tangu alipoanza kuijenga hadi alipotolewa mwaka 1698. Mreno ana kila buruji kwa jina la mtakatifu wake. Mfungwa ana sentensi moja. Na aliyekuwa kijana wa miaka 18 ngome ilipofungwa kama jela mwaka 1958, leo amepita miaka 80. Waliofungwa, walinzi, wapishi, wake waliopeleka chakula langoni, wote wanaondoka. Majumba ya kale yanaweza kungoja mtafiti. Kumbukumbu za watu hazingoji.

MZEE: Yasajiliwe basi, kwa idhini ya wenyewe, na asiyetaka jina lake litajwe lisitajwe.

KIJANA: Kuna kitu kimoja ninachokionyesha ambacho hakimchoshi mtu, awe Mzungu au mtoto wa Likoni. Ni ile michoro ya ukutani iliyogunduliwa katika buruji ya São Mateus. Waliochora ni askari na mabaharia wa Kireno, kwa mkaa na udongo mwekundu. Wamechora meli zenye matanga na kamba zake, wamechora ngome, watu na samaki. Mistari mingine ni ya mkono uliozoea, mingine ya mtu anayejaribu tu. Wanafunzi hukaa pale kuliko kwenye mizinga.

MWALIMU: Unaona? Hata Mreno wa chini hayumo katika hesabu ya bendera. Mfalme yumo, kapteni yumo, ila aliyekaa zamu ya usiku akiwaza meli ya kumrudisha kwao hayumo. Hesabu hiyo haimnyimi Mswahili peke yake. Inamnyima kila mtu asiyekuwa na cheo.

Sasa neno langu.

Namuunga mkono Mwalimu, kwa sababu ambayo Mzee ndiye aliyeikamilisha. Tuzitazame tarehe walizozitaja zikiwa pamoja. Ngome ilijengwa kwa sultani wa Malindi na vibarua wa Malindi. Iliangushwa mwaka 1631 na sultani wake mwenyewe. Mwaka 1697 ilishikwa isianguke na Bwana Daud wa Faza. Mwaka 1698 ilichukuliwa na jeshi ambalo watu wa pwani walikwenda kuliomba. Mwaka 1728 ilirudi kwa Mreno kwa mwaliko wa Pate, na mwaka 1729 ikatwaliwa na watu wa Mombasa. Mwaka 1837 ilipotea kwa mfarakano wa taifa za mji. Kwa zaidi ya miaka mia mbili ngome hii haikubadilika mikono bila mkono wa mtu wa pwani ndani yake, kwa wema au kwa ubaya. Bendera zilipanda pale ambapo watu walikuwa wamekwisha kukubaliana, au wamekwisha kugombana. Anayesimulia bendera peke yake anasimulia matokeo na kuiacha sababu.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Kwa sababu Fort Jesus si kumbukumbu ya mtu binafsi. Fedha za kuikarabati mwaka 1958 zilitoka kwa Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon, na mwanaakiolojia James Kirkman akachimba na kupanga makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1960. Walifanya kazi ya kushukuriwa. Bila wao tungekuwa na magofu. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini dunia haiwezi kutusimulia habari za Thenashara Taifa wala za wake waliongoja langoni na sufuria za chakula. Hiyo ni kazi yetu, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yenye dhamana yake.

Hoja ya Kijana kuhusu saa moja ya mgeni ni ya haki, na sitaki kumtwisha mzigo wa kitabu kizima. Nadhani mambo matatu yanatosha kugeuza matembezi hayo. Kwanza, matembezi yaanzie kwenye bamba la langoni, lisomwe kwa Kiswahili na kwa sauti, jina kwa jina. Pili, jela ipewe chumba chake, na kumbukumbu za waliobaki zirekodiwe sasa, kwa masharti ya sitara aliyoyataka Mzee. Tatu, palipo na Mreno pawepo na mwenyeji aliyemkaribisha au kumpinga, na palipo na Mazrui pawepo na mtumwa aliyepitishwa katika bandari ile. Hakuna kundi litakalotoka limesifiwa tu, na hilo ni jema.

Nayajua majibu ya wanaoogopa. Watasema tutafukua chuki kati ya Malindi na Mombasa, kati ya visiwa na bara, kati ya Mwislamu na Mkristo. Mimi naona kinyume. Chuki isiyosemwa huachiwa wanasiasa, nao huisema vibaya wakati wa kura. Mtoto aliyefundishwa Yusuf bin Hasan mzima, na kilio chake na damu aliyoimwaga, hatakuwa rahisi kuchochewa na mtu anayemletea nusu ya simulizi.

Likisomwa lile jiwe, mtoto wa Siyu atausikia mji wake, wa Pate wake, wa Pemba wake, na wa Rabai atawasikia mababu zake chini ya jina walilopewa na mgeni. Akishajua kwamba wote hao walikataa, atakuwa na haki ya kuuliza swali linalofuata, ambalo hesabu ya bendera haikuwahi kumruhusu aliulize: kama pwani nzima ilikataa, kwa nini kila mji ulikataa peke yake? Mwalimu ataweza kulijibu kwa ushahidi, akiwa amesimama mahali penyewe. Na watu wanaoendelea hadi leo kugawanywa kwa kabila, kwa dini na kwa ahadi za mgeni mwenye fedha wanalihitaji jibu hilo kuliko wanavyohitaji kujua urefu wa kuta.